Gunia la Mapepe

Siku ya kumi na moja baba hakunijibu tena.

Nilitoka chumbani nimeshajifunga kitambaa kichwani, nikamkuta jikoni anachuja kahawa, nikasimama mlangoni kama ninavyosimama kila asubuhi tangu nilipojua kusema.

"Baraka, baba."

Kwetu kijijini Lajeado mtoto haamki akauliza habari za asubuhi. Anaomba baraka, na mzazi anamjibu: Mungu akubariki. Hata uwe na miaka thelathini na miwili kama mimi. Hata muwe mmegombana jana yake mpaka majirani wakasikia. Baba yangu mzee Gumercindo alikuwa ananimiminia kahawa, ananisogezea mihogo, ananiuliza kama nimefungia kuku. Ila baraka hakunipa.

"Mvua itashuka mchana," akasema.

"Itashuka."

"Chukua koti."

"Nitachukua."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Mimi si mtu wa kulia ovyo, na sitajifanya hapa kwamba machozi yaliingia kwenye kikombe. Kahawa niliinywa, ilikuwa tamu. Lakini nilikuwa nimeumia, nisifiche.

Sababu nilidhani naijua. Sababu ilikuwa na kimo cha futi sita, jina lake Adonias, na Jumatatu ilikuwa inaondoka.

Adonias ndiye mpokea mbegu wetu. Sisi watu wa Lajeado tunachuma mbegu za nyika, za miti na za majani, mwaka mzima, na mvua za kwanza zikishuka tunazichanganya zote pamoja na mchanga, tunazimwaga kwenye ardhi iliyochakazwa na malisho. Kuchanganya huko tunakuita muvuca, neno ambalo watu wa mjini hulitumia wakiwa na maana ya purukushani ya sherehe, na hawakukosea. Kabla ya siku hiyo kila mmoja hupeleka magunia yake nyumba ya mbegu. Adonias anafungua, anachota, anabana mbegu kwa ukucha moja moja, anasema ndiyo au anasema hapana.

Alikuja kwetu miaka mitatu iliyopita kutoka jimbo la Bahia. Kabla ya hapo aliendesha lori, akanyoa watu nywele, akauza magodoro. Baba alipoisikia orodha hiyo alisema neno moja tu: "Mapepe."

Mchuma mbegu halitamki neno hilo kwa mchezo. Mbegu pepe unaiona nje ina ganda zuri, ina vinyweleo vyake, inang'aa, ukiibana hamna kitu. Ukipanda mapepe umepanda upepo. Kwa hiyo baba alipomwita Adonias mtu wa mapepe, alikuwa amesema yote, na ilinichukua mwaka mzima kumlainisha. Mwezi wa kumi alianza kumkaribisha ndani. Mwezi wa kumi na moja alimwita kwa jina.

Halafu ikaja Jumapili ile. Baba alifikisha gunia lake la mkia wa punda, lile jani la nyika ambalo yeye ndiye mchumaji wake mkuu, hana mpinzani. Watu ishirini walikuwa kwenye foleni. Adonias akafungua gunia, akachota kiganja kizima, akakipuliza. Kiganja kikabaki kitupu. Akalimwaga lote juu ya turubai, akapiga magoti, akahesabu mia moja, akabana moja moja, halafu akainuka akasema, tena kwa sauti ile ile anayotumia kwa kila mtu:

"Mapepe, mzee. Silipokei."

Kesho yake asubuhi niliomba baraka, baba akanyamaza. Ikawa ndivyo hivyo.

Wala huyo Adonias hakuwa na wiki za kusubiri. Alikuwa amepewa kusimamia nyumba mpya ya mbegu upande wa pili wa milima, siku nzima kwa basi, kuanzia Jumatatu. Alinitaka niende naye nikiwa mke wake. Padri alikuwa tayari kutufungisha Jumamosi. Mimi nilimwambia bila radhi ya baba sitoki, na hilo halikuwa jambo la kujadiliana. Marehemu mama yangu aliondoka kwao bila radhi. Kila alipokutana na babu sokoni aliomba baraka, na babu akapita. Miaka kumi na minne. Siku babu alipokufa, mama aliinama juu ya jeneza akaomba baraka kwa maiti, mimi nimesimama pembeni nimeshika sketi yake. Sitaki kuyarudia yale.

Bi Ermelinda, mama yangu wa ubatizo, alinikuta njiani nikielekea shambani. Yeye ndiye kiongozi wa wachuma mbegu, na ana mdomo.

"Baraka, mama."

"Mungu akubariki, na akupe na uso mwingine, maana huo umekunjamana. Mzee bado?"

"Bado."

"Ametangulia na nyumbu wake wa mizigo. Nimemsalimia, kanijibu vizuri tu." Akaninyooshea kipande cha keki ya mahindi. "Kula. Sasa nikwambie, kama unaogopa nani atampikia ukiondoka, atakula kwangu. Wali wa matunda ya pequi nikipika sufuria moja unatosha watu sita, na mimi niko peke yangu. Hilo lisikushike."

"Silo linalonishika."

"Ni lipi?"

Nikatafuna keki.

"Haya, tafuna," akasema. "Ukimaliza kutafuna utasema."

Sikusema. Nilikuwa nimelinyamazia jambo lile siku kumi na moja, nikawa nimezoea.

Jambo lenyewe ni hili. Gunia lile halikuchumwa na baba. Lilichumwa na mimi. Macho ya baba yameingiwa na mtoto wa jicho, la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Hakutaka mtu ajue. Msimu uliopita nilichuma mimi peke yangu, kibandiko kikaandikwa jina lake, tukanyamaza wote wawili. Na lile gunia la mkia wa punda nililichuma mwezi wa sita, siku ya sherehe ya Mtakatifu Yohana. Jani likikomaa, ukipitisha mkono linaachia lenyewe. Lile halikuwa linaachia. Nilijua lilikuwa linataka siku nane au tisa zaidi. Lakini kuna mtu alikuwa ameniambia atanisubiri penye kuni za moto wa sherehe saa kumi alasiri, na mimi nilitaka kuoga, nilitaka kuvaa gauni la njano. Nikalivuta kwa nguvu, nikajaza gunia, nikafunga, nikamwambia baba, "Ni zuri."

Sasa mnajua.

Shamba la mwaka huu ni hekta kumi na mbili, juu ya kijito. Zamani lilikuwa malisho ya tajiri mmoja, na majani yake ya brakiaria, yale ya kigeni yasiyoacha kitu kingine kipumue, yalipandwa kwa mkono. Mkono wenyewe ni wa baba yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kibarua, na aliyapanda vizuri mno. Ilibidi trekta lipite mara tano kuyang'oa.

Lori la mbegu lilikuwa limeegeshwa kando. Adonias alikuwa nyuma yake anashusha magunia. Nilizunguka upande ule ambao watu walioko kwenye turubai hawauoni. Aliniona, akaweka gunia chini polepole, akafuta mikono kwenye suruali. Ana macho fulani ambayo huyashindi kwa kumkazia. Ukimkazia naye anakukazia, mpaka wewe ndiye unayetazama chini.

"Lindaura."

"Bwana mpokea mbegu."

"Ndivyo unavyoniita siku hizi?"

"Ndiyo kazi yako."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Jana nimekwenda tena kwa mzee."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nimekuja kuwapima na kuku wake."

Nilitaka kucheka, nikajizuia.

"Nimemwomba radhi," akasema. "Nimemwambia, mzee, sikupaswa kulimwaga mbele ya watu, nisamehe. Hilo nimelisema mara tatu. Lakini kwamba gunia lilikuwa zima na mimi nilikosea kuhesabu, kama ulivyotaka niseme..."

"Mimi sikutaka."

"Jumapili, Lindaura. Ulisema, mwambie ulikosea, utapungukiwa nini."

Kweli nilisema. Nilisema nikiwa nimemshika kola.

"Basi sahau," nikasema.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Lile gunia alilichuma nani?"

Nikatazama magunia yaliyopangwa, kila moja na kibandiko chake. "Kibandiko kilikuwa na jina la nani?"

"Sijauliza kibandiko."

"Basi mimi najibu kibandiko."

Akaokota kamba moja chini, akaifunga fundo, akaifungua, akaifunga tena upande mwingine. "Lile fundo lilikuwa la mashoto," akasema. "Lajeado nzima mashoto ni mmoja. Namfahamu. Amenifungia kiatu mara moja, nikahangaika kukifungua mpaka nikakikata."

Hapo nilisikia joto limenipanda shingoni mpaka masikioni.

"Ulijua."

"Nilijua kabla sijalifungua."

"Na ukalimwaga."

"Nikalimwaga."

"Adonias! Mbele ya watu ishirini!"

"Ulitaka nifanye nini? Nilipokee kwa sababu fundo nalipenda?"

"Ungeniita pembeni!"

"Ningekuita pembeni nikakurudishia chini chini. Kesho yake anakuja Bi Ermelinda na mapepe yake, nimfanyeje? Namwita pembeni na yeye? Keshokutwa mwingine. Umeliona shamba la chini wewe mwenyewe. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa na pembeni nyingi."

Nililiona. Mbegu zilizopandwa mle zilipokelewa kirafiki. Mvua ilinyesha, ardhi ikabaki na vipara, na kwenye kila kipara brakiaria ikarudi ikakaa. Leo ng'ombe wanaingia mle hawajui kama tuliwahi kupanda kitu.

"Sawa," nikasema, "ulikataa gunia. Mbona hukusema ni langu? Umemwacha baba yangu abebe aibu siku kumi na moja."

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikashika kamba za gunia lililokuwa karibu nikaanza kuzikaza, na zilikuwa zimekazwa tayari.

"Nilidhani utasema kesho yake," akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Hukusema. Nikadhani keshokutwa. Mimi nisingeweza kulisema, Lindaura. Nikisema wewe ndiye unayechuma, watu watauliza mzee kwa nini hachumi. Na hilo la macho yake silo langu kulitangaza."

"Unajua na la macho?"

"Akija nyumba ya mbegu humsalimia mtu anayemwita Vanderlei. Huyo Vanderlei ni koti langu lililotundikwa ukutani."

Hapo nilicheka, nikajichukia kwa kucheka, nikazidi kucheka. Naye akacheka. Tulikuwa tumesogeleana bila kutaka, mkono wake ukawa juu ya mkono wangu kwenye ile kamba. Ulikuwa na vumbi la mbegu, na ulikuwa na joto, na mimi nilimpenda pale pale nyuma ya lori kiasi kwamba iliniudhi.

"Unajua kwa nini lilikuwa pepe?" nikamwambia. "Nililivuta kabla ya siku zake. Nilikuwa nakuja kwako. Sherehe ya Mtakatifu Yohana."

"Ulivaa gauni la njano."

"Nililivaa."

"Gauni silijutii," akasema. "Gunia nalijutia."

"Jumatatu utaondoka."

"Nitaondoka. Nikiwa na wewe au nikiwa na mkoba wangu. Sikutishi, nakwambia tu. Sina kazi nyingine, na ukitaka niache hii pia, mzee atakuwa alisema kweli juu yangu."

"Nyie huko nyuma!" Bi Ermelinda alipaza sauti. "Mbegu hazijichanganyi!"

Nikautoa mkono wangu.

Turubai letu ni la buluu, kubwa kuliko sakafu ya kanisa letu. Mchanga ulikuwa umeshamwagwa katikati. Watu walisimama pembeni kuzunguka, makoleo na majembe mkononi, magunia mbele ya miguu. Kabla ya kuchanganya tuna desturi moja: kila mtu hutaja kwa kinywa chake alicholeta. Kibandiko hakitoshi. Zikishachanganyika hakuna atakayejua ipi ya nani, kwa hiyo unasema kabla.

"Mimi Ermelinda. Nimeleta baru, jatobá, na lobeira mifuko miwili. Na mgongo unaniuma, Mungu ameona."

Watu wakacheka. Zamu ikazunguka. Huyu jani la mshale, yule tingui, mwingine mbegu za vichaka nisizozikumbuka. Baba alikuwa ng'ambo ya turubai, kofia kifuani, ameelekeza uso kwenye mchanga mweupe kwa sababu ndicho kitu alichoweza kukiona. Zamu ikamfikia.

"Mimi Gumercindo," akasema. "Nimeleta baru gunia moja, limepita. Na mkia wa punda gunia moja. Hilo nililileta mapepe."

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kutaja baru akanyamaza, na kila mtu angepitisha. Mtu aliyechuma nyika hii miaka ishirini, kinywa chake hakijawahi kutamka neno hilo juu ya gunia lake, leo analitamka mbele ya wote, amelibeba mwenyewe.

"Si yeye," nikasema.

Vichwa vikageuka.

"Lindaura, zamu yako bado," Bi Ermelinda akasema.

"Si yeye. Ni mimi. Gunia lile nililichuma mimi."

Baba akatega sikio upande wangu. "Sema tena. Sijasikia."

Alisikia. Baba yangu macho yamemwacha, masikio anasikia kuku akinywa maji.

"Nililichuma mimi, baba. Lilikuwa bado haliachii, nikalivuta. Nilijua ni bichi. Nikakwambia ni zuri."

"Kwa nini ulivuta?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Kuna mtu alianza kuguna kicheko. Nikakaza meno. "Sherehe ya Mtakatifu Yohana."

"Kumwona nani?"

"Baba, unajua kumwona nani."

"Najua. Nataka na turubai lijue."

"Adonias," nikasema, na sauti ikanitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Kicheko kikapasuka pande zote. Adonias alikuwa amesimama kwenye tela la lori na gunia begani, amesahau kulishusha.

Baba akangoja watulie. Halafu akavaa kofia yake, ambayo ni ishara kwamba anataka kusema kwa urefu, na hasemi kwa urefu mara nyingi.

"Gunia lile nililipandisha mimi juu ya nyumbu," akasema. "Mkia wa punda ni mwepesi, wote mnajua. Lakini kuna wepesi na wepesi. Macho ndiyo yamekufa, bega halijafa. Nililijua kabla sijatoka uani."

Nikatazama watu nione watakavyolipokea hilo la macho. Hakuna aliyeshtuka. Bi Ermelinda alikuwa anakuna kisigino kwa jembe. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, sijui tangu lini, na mimi nilikuwa nimeilinda siri hiyo msimu mzima, kama mtu anayelinda kisima kilichokauka.

"Nikalibeba hivyo hivyo," baba akaendelea. "Nikasema huenda litapita, binti yangu asiaibike. Hapo nilikosa. Ardhi hii niliiharibu mimi. Tajiri alinipa mifuko, akaniambia mwaga, nikamwaga. Sikuuliza mfuko una nini. Nilipewa sifa, nikafurahi." Akaonyesha kidole upande wa lori, akakosea kidogo, akaelekeza kwa dereva. "Huyu kijana anauliza mfuko una nini. Hata ukiwa wa mchumba wake anauliza. Nilimchukia kwa hilo siku tatu, nisiseme uongo. Halafu ikaniisha."

"Siku tatu?" nikasema. Sikuamini. "Baba, siku kumi na moja hujanijibu! Hizo nane zilikuwa za nini?"

"Hizo nilikuwa nakungoja wewe."

Basi nikaelewa, na niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote niliyoikumbuka. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikidhani ananikatalia mwanaume. Yeye alikuwa na kichujio mkononi anasubiri nimwambie neno moja kuhusu gunia. Nilimwomba baraka mara kumi na moja na sikumwambia.

Nilikatiza juu ya turubai, nikakanyaga mchanga, kitu ambacho hakiruhusiwi kabla ya mbegu ya kwanza. Bi Ermelinda aliniachia. Nikasimama mbele ya baba, karibu, mahali ambapo hata jicho lake la kushoto lingepata kivuli changu.

"Nisamehe, baba. Baraka, baba."

Akanitafuta kichwa kwa mkono, akakipata, akakandamiza kile kitambaa changu mpaka kikashuka kwenye nyusi.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Nilisema mimi si mtu wa kulia ovyo. Pale nililia, tena kwa kamasi, na sina la kujitetea.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Adonias alikuwa ameshuka kwenye lori. Alikuwa amevua viatu ili asichafue turubai, akaja miguu mitupu juu ya mchanga mpaka akasimama kando yangu, akaivua na kofia. Kwetu mwanaume haombi baraka kwa mzee ambaye si wake. Akiomba, anajua anachoomba, na kila mtu pale alijua.

"Baraka, baba," akasema.

Makoleo yakatulia. Mvua ilikuwa imeanza kunukia upande wa kijito. Baba hakujibu.

"Lile gunia," baba akasema, "kwenye mia moja ulizobana, mapepe yalikuwa mangapi?"

Angeweza kupunguza. Nilimwomba moyoni apunguze, aseme hamsini, aseme amesahau.

"Themanini na matatu, baba."

Watu wakapiga miluzi. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Themanini na matatu," baba akarudia. "Kalivuta yeye, kalifunga yeye, kaniambia ni zuri. Halafu akakuomba na wewe useme uongo, maana namjua. Kakuomba, hakukuomba?"

Adonias akanitazama, akamtazama mzee. "Kaniomba, baba."

"Na bado unamtaka?"

"Bado namtaka."

Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeonya mapema na hakusikilizwa, akanyoosha mkono gizani mwake mpaka ukampata begani.

"Basi Mungu akubariki," akasema, "maana utaihitaji."